Je, wajua kwa nini video safi ya HD, yaani ya ubora wa juu, huharibika ikishushwa ukubwa kwa ajili ya runinga?

Tamasha limepigwa kwa kamera ya HD. Kwenye kompyuta ya mhariri picha imetulia, hata shanga shingoni mwa mcheza ngoma zinahesabika. Faili inafika kituoni, inarushwa kwa ubora wa kawaida, yaani SD, na mambo yanageuka: paa la mabati nyuma ya jukwaa linametameta, mkono wa mpiga ngoma umeota meno kama ya kitana, na mwimbaji amekuwa mrefu kuliko alivyo. Wengi hulaumu SD yenyewe. Mimi nasema SD inaonewa. Kupunguza ukubwa wa picha hakuiharibu; kinachoiharibu ni namna ilivyopunguzwa.

Fremu moja ya HD kamili, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600. SD ya mfumo wa runinga wa PAL, ule uliozoeleka Afrika Mashariki, ina 720 kwa 576, jumla 414,720. Ukigawanya unapata tano kamili. Kwa hiyo kila nukta moja itakayoonekana nyumbani ina nukta tano za kamera nyuma yake. Ukichukua wastani wa zote tano, zile chengachenga za picha zilizopigwa kwenye mwanga hafifu hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu chenga huja ovyo, na zikichanganywa sehemu kubwa yake hufutana. Ndiyo maana HD iliyoshushwa vizuri huwa nzuri kuliko picha iliyopigwa na kamera ya SD tangu mwanzo. Mtazamaji ana haki ya kuipata hiyo faida.

Huenda unajiuliza kwa nini bado tunashusha, wakati tulishahamia digitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, na Kenya ikazima ya kwake mwaka 2015. Lakini digitali na HD ni vitu viwili tofauti. Chaneli ya SD hutumia data kidogo, hivyo masafa yaleyale hubeba chaneli nyingi zaidi. King'amuzi kinaweza kuwa cha digitali kabisa na bado kikakuletea SD.

Turudi kwenye mabati. Programu inayofanya kazi kwa pupa haichukui wastani. Huokota nukta moja na kuzitupa nyingine. Paa likiwa mbali, mikunjo yake ni myembamba mno, na nukta inayookotwa mara huangukia mgongo wa bati, mara bondeni. Matokeo yake ni michirizi mipana ambayo haipo kabisa kwenye paa lile, na kamera ikisogea kidogo michirizi hiyo inatembea. Kanuni inayobeba jina la mhandisi Harry Nyquist inasema kwamba mchirizi unaojirudia unahitaji zaidi ya vipimo viwili kwa kila mrudio ili uonekane ulivyo. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, hauishii kupotea tu, bali hurudi kwa sura ya kitu kingine. Kwa hiyo fundi mzuri hufanya jambo linaloonekana la kinyume: huilainisha picha kwanza, akaondoa vile vijimstari ambavyo SD haiwezi kuvibeba, ndipo akapunguza nukta. Shati la mistari myembamba la mtangazaji nalo huokolewa hivyohivyo.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye mwendo. Runinga ya PAL haionyeshi fremu nzima kwa mara moja. Hutuma kwanza nusu ya mistari, mmoja ndiyo mmoja siyo, kisha hujaza ile iliyorukwa, nusu-fremu 50 kila sekunde. Kamera nyingi za HD za utangazaji hurekodi kwa mtindo huohuo. Kati ya nusu moja na nyingine imepita sehemu ya 50 ya sekunde, na mkono wa mpiga ngoma umeshasogea. Sasa ukibana mistari 1080 iwe 576 moja kwa moja, unachanganya mistari ya nyakati mbili tofauti, na meno ya kitana yanazaliwa hapo. Njia sahihi ni ndefu: kila nusu-fremu ikamilishwe iwe fremu nzima, zipatikane 50 kwa sekunde, zipunguzwe hizo, kisha zikatwe upya kuwa nusu-nusu. Pia lazima ijulikane ni nusu ipi inatangulia. HD huanza na mistari ya juu, ilhali video ya PAL ya DV, ile ya kamera ndogo za kanda, huanza na ya chini. Zikibadilishana, mpira uliopigwa kwenda mbele utaonekana unasonga na kurudi, unasonga na kurudi.

Rangi nayo ina hesabu zake. SD hufuata kipimo cha mwaka 1982 kiitwacho BT.601, na HD hufuata BT.709 cha mwaka 1990. Katika kile cha kwanza kijani huchangia asilimia 58.7 ya mwanga wa picha, katika cha pili asilimia 71.5. Faili ikishushwa bila kubadilishwa hesabu hii, nyekundu hupoa, majani mabichi hung'aa kupita kiasi, na ngozi za watu husogea mbali na rangi yake.

Na yule mwimbaji aliyerefuka? HD ina umbo la 16 kwa 9, TV ya chogo ina 4 kwa 3. Unaweza kukata pembeni, ukapoteza robo ya upana. Unaweza kuacha mikanda myeusi juu na chini, ukabaki na mistari 432 tu yenye picha kati ya 576. Au ukaibana picha yote kwa upana na kuiwekea alama ya kuiambia runinga iinyooshe. Alama hiyo ikidondoka njiani, watu wote wanakuwa wembamba na kuonekana warefu. Kwa TV za chogo napendelea njia ya kati, 14 kwa 9, ambayo BBC iliitumia sana: inakata kidogo pembeni na kuacha mikanda myembamba.

Video za simu zina tatizo jingine. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, PAL inataka 25. Kompyuta ikitupa fremu moja katika kila sita, mwendo unarukaruka, na hakuna kichujio kitakachourudisha vizuri. Kama kazi yako inakwenda runingani, iweke kamera kwenye 25 au 50 kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.