"Grisi nzito" maana yake nini kwenye shafti ya boti ya rimoti?

Ukiuliza upake nini kwenye shafti ya boti ya rimoti, yaani mhimili unaounganisha mota na propela, jibu linakuja hata kabla hujasema boti yako ni ya aina gani: "Weka grisi nzito, maji hayataingia." Jibu hili limerudiwa mno, na linaharibu vifaa vya watu. Linafunga pamoja mambo matatu yanayopaswa kuulizwa kila moja peke yake: ugumu wa grisi, mnato wa mafuta yaliyomo ndani yake (yaani jinsi yanavyokataa kutiririka), na jinsi inavyovumilia maji.

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kigandishi, mara nyingi sabuni ya metali kama lithiamu, kalsiamu au alumini, pamoja na viungo vya kuzuia kutu na msuguano. Mafuta ndiyo yanayolainisha. Sabuni inayashikilia yasitiririke.

Sasa ile namba ya kwenye kopo, ambayo wengi huichukua kuwa ndiyo "uzito". Ni kipimo cha NLGI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1933. Grisi husukwasukwa kwanza mara 60 ikiwa kwenye nyuzijoto 25, kisha koni ya chuma huachiwa izame ndani yake kwa sekunde 5. Ikizama kati ya milimita 26.5 na 29.5, hiyo ni namba 2. Ikizama zaidi, namba inashuka, mpaka 000 ambayo inamiminika. Ikizama kidogo, namba inapanda hadi 6, inayokatika kwa kisu. Hicho ni kipimo cha ugumu tu. Mafuta yaliyomo hayajapimwa hapo hata kidogo.

Ndiyo maana makopo mawili ya namba 2 yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Grisi ya kawaida ya chasi na beringi za magari mara nyingi ina mafuta yenye mnato wa sentistoki 220 hivi kwenye nyuzijoto 40. Grisi ya spindo (mihimili inayozunguka) za mashine za kasi inaweza kuwa na mafuta yasiyofika sentistoki 30, nayo pia ikawa namba 2. Ukizibonyeza kwa kidole utasema ni ndugu. Zitie kwenye boti ya mbio, ambayo mota yake isiyo na brashi inaweza kuzungusha shafti zaidi ya mara 20,000 kwa dakika ndani ya tyubu nyembamba ya shaba, na tofauti itajitokeza. Mafuta mazito kwa kasi hiyo ni breki: mota inavuta amperi nyingi, tyubu inapata joto, betri inakwisha mapema. Lakini kwenye boti ya taratibu, kwa mfano modeli ya tagi (boti ya kuvuta meli) yenye shafti nene iliyonyooka, mafuta hayohayo hayana neno. Tena pale yanasaidia, maana tyubu ikiwa imeanzia chini ya usawa wa maji, grisi iliyojaa ndani yake ndiyo inayozuia maji yasipande hadi kwenye mota.

Na maji je? Hapo mwamuzi mkubwa ni sabuni. Grisi ya sabuni ya sodiamu, iwe ngumu namna gani, maji huichukua. Ya kalsiamu, hata ikiwa laini, huyahimili vizuri. Ya lithiamu iko katikati; ilienea tangu miaka ya 1940 kwa sababu inavumilia joto na inafaa kazi nyingi, lakini kuenea kwake hakukuifanya kuwa grisi ya baharini. Kwa maji ya chumvi, ile ya salfoneti ya kalsiamu ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu yenyewe pia huzuia kutu. Na shafti ya waya uliosokotwa, ile inayopinda ya boti nyingi za mbio, huanza kuliwa na kutu katikati ya nyuzi, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Chomoa shafti ya namna hiyo baada ya boti kukimbia, uitazame kwenye mwanga. Upande wa propela, grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshachanganyika nayo. Ikiwa nyeusi sehemu moja tu, hapo shafti inasugua tyubu, na pengine tyubu imepinda au mota haijakaa sambamba. Hakuna kopo litakalotibu hilo. Futa yote, kausha, paka upya. Na kama unahama kutoka sabuni moja kwenda nyingine, safisha na tyubu pia, kwa kuwa baadhi ya sabuni zikikutana grisi hulainika na kukimbia.

Aliyenunua namba 3 kwa kuambiwa ni nzito hajanunua grisi mbaya. Aiweke kwenye beringi inayoihitaji. Kwa boti yake ya mbio atafute namba 1 au 2 yenye mafuta mepesi na sabuni inayohimili maji, na akiwa dukani asome karatasi ya maelezo mahali palipoandikwa mnato wa mafuta ya msingi, yaani yale yaliyomo ndani ya grisi, kabla ya kuingiza kidole kwenye kopo.