Maana ya mawasiliano, na kama kweli lina undugu na jamii

Husemwa mara nyingi kwamba jamii na mawasiliano ni maneno ya asili moja. Kwa Kilatini ni sahihi. Kwa Kiswahili si sahihi, na anayelifundisha hivyo darasani anawapoteza wanafunzi.

Kilatini kina munus, yaani wajibu, na pia zawadi. Kinachobebwa na wote huitwa communis. Hapo likazaliwa communitas, jamii, na communicare, kukifanya kitu kiwe cha wote. Komunyo ya kanisani imetoka huko huko. Aliyesamehewa wajibu aliitwa immunis. Kwa hiyo usilikate neno la Kiingereza community ukadhani mwishoni mna unity, umoja: shina ni munus.

Maneno yetu yametoka Kiarabu, kwa mizizi miwili mbalimbali, yaani konsonanti tatu tatu zinazobeba maana. Jamii ni ya j-m-ʿ, kukusanya, pamoja na jamaa, jumuiya na Ijumaa. Ujamaa wa Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, umo humo. Jumla lisikuhadae, mzizi wake ni j-m-l. Mawasiliano ni ya w-s-l, kuunga na kufika. Treni ikiingia stesheni ya Kigoma, imewasili. Ongeza -ana, kiambishi cha Kibantu cha kutendana, upate wasiliana. Tanguliza ma-, malizia kwa -o, upate mawasiliano. Uzito wote uko kwenye -an-: pande mbili zimefikiana. Ukitumia -isha unapata wasilisha, na hapo jambo linakwenda upande mmoja tu.

Chukua usitishaji wa uvuvi Ziwa Tanganyika, kama ule wa miezi 3 mwaka 2024, Mei hadi Agosti. Tangazo likibandikwa mwaloni, limewasilishwa. Wavuvi wakiuliza wakajibiwa, wamewasiliana na aliyelitoa. Wakiitwa kabla tarehe haijapangwa, wakaeleza mbalamwezi inavyowakatia siku za dagaa na deni la nyavu linavyolipwa, hapo wameshirikishwa.

Hili la mwisho ndilo lenye utajiri. Mzizi sh-r-k umetupa shirika na ushirika, ambao ni watu pamoja, kisha ukatupa kumshirikisha mtu jambo: kumwambia ili nalo liwe lake. Anayetafuta neno la kubeba communicare lote, analo tayari. Kosa linalorudiwa kwenye mihtasari ya vikao ni kuandika "wananchi walishirikishwa" ilhali waliwasilishiwa tu.