Kisukari na asili ya mtu: mizani moja haitoshi wote

Dada yangu yuko Uingereza, ana miaka 34 na si mnene. Daktari kamwambia apime kisukari kwa kuwa ni Mwafrika. Huo si ubaguzi?

Hapana, na namshukuru huyo daktari. Mwongozo wa huko unataka wengi waanze kuchunguzwa wakifika miaka 40, lakini wenye asili ya Afrika, Karibiani, Asia Kusini na China waangaliwe tangu 25, maana kwao kisukari cha aina ya pili huwahi, tena kwa uzito mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wa watu karibu milioni moja na nusu wa huko, ulichukua hatari aliyonayo Mzungu mwenye BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita mara mbili) ya 30 ukatafuta wengine wanaifikia wapi. Weusi waliifikia kwenye 28.1, Wachina 26.9, Waarabu 26.6, Waasia Kusini 23.9.

Twende kwenye mizani. Watu wana urefu wa sentimita 165 wote: Mzungu kilo 82, mweusi 76 na nusu, Mwarabu 72, Mhindi 65. Hatari yao ni moja! Mtaa mmoja wa Mombasa au Unguja una watatu kati ya hao, na huyo wa kilo 65 hakuna atakayemwita mnene.

Basi liko kwenye damu, tukubali tu?

Damu ina sehemu yake. Waasia Kusini, kwa mfano, hujaza mafuta ndani ya tumbo kabla nguo hazijabana. Lakini watazame watu wa kabila la Pima. Wako Arizona, Marekani, na ndugu zao wa damu wako milimani Mexico. Utafiti wa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa watu wazima 38 kati ya 100 upande wa Arizona. Mexico, 7 hivi. Wale wa Mexico walikuwa bado wanalima kwa mikono. Wa Arizona walinyang'anywa maji ya mto wao na walowezi katika karne ya 19, mashamba yakakauka, wakaishia kula unga mweupe, mafuta na sukari ya mgao. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni sahani na jembe.

HbA1c yangu ni 6.2, lakini glukomita nyumbani asubuhi kabla ya kula inasoma 8. Kipi nikiamini? Kwetu kuna selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu.

Umefanya vizuri mno kutaja selimundu. HbA1c, kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu, huangalia sukari iliyonata kwenye hemoglobini. Seli nyekundu ya damu huishi siku kama 120. Ikifa mapema, sukari haipati muda wa kunata, namba inashuka. Ndiyo maana mgonjwa wa selimundu hapimwi kisukari kwa HbA1c. Na hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa chochote, anaweza kudanganywa: mwaka 2017 Wamarekani weusi wa aina hiyo walionekana kuwa na namba pungufu kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Mpaka wa kisukari kwa HbA1c ni asilimia 6.5. Ongeza 0.3 kwenye 6.2 yako uone unatua wapi.

Kwetu jambo hili si la wachache. Uganda, watoto 13 hivi kati ya 100 wamebeba kinasaba cha selimundu. Nenda kliniki bila kula tangu usiku, utolewe damu ya mshipani. Sukari ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi, na siku nyingine tena hivyohivyo, ni kisukari. Waambie mapema habari ya selimundu, maana fomu nyingi za maabara haziulizi.

Binti yangu wa miaka 13 ana weusi shingoni, nasugua hautoki.

Ngozi nene, nyeusi, laini kama mahameli, nyuma ya shingo au kwapani, mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini kwa sababu haifanyi kazi ipasavyo. Kwenye ngozi yetu hudhaniwa ni uchafu, na watoto huchubuliwa kwa dodoki. Mpeleke apimwe sukari, na umwambie kwamba hakuwa mchafu.