Je, wajua kwa nini theluji ya mbele ya nyumba yako haizolewi na jiji?

Mgeni anayehamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, hupata somo lake asubuhi ya theluji ya kwanza. Usiku kucha magreda yamepita, barabara imeanza kuonekana, magari yanakwenda. Lakini njia ya miguu mbele ya nyumba yake bado imezama. Anachungulia dirishani akisubiri watu wa jiji waje. Hawaji. Anayemwona ni jirani, mzee wa kustaafu kabisa, amejifunika kofia hadi masikioni, anachota theluji kwa beleshi na kuirusha bustanini.

Sheria ya huko ni kwamba theluji ikishakoma, mwenye nyumba ana saa 24 za kusafisha njia iliyo mbele yake, upana wote. Majengo ya fleti na maduka yana saa 4 tu za mchana. Ukipuuza, jiji linaweza kupeleka watu wake wafanye kazi hiyo, kisha bili ije kwako. Unaweza kuuliza: ardhi ni ya jiji, kwa nini jasho liwe langu? Jibu ni hesabu. Jiji hilo lina njia za miguu zinazokaribia kilomita 3,000 na hakuna kikosi cha kuzimaliza kwa siku moja. Lakini kila mtu akishika mita zake 12 za mbele ya nyumba, mtaa unakwisha kabla chai haijapoa. Ni msaragambo, ila huu una bili kwa mtoro.

Haraka yote hiyo ni ya nini? Theluji mbichi ni nyepesi kama unga, hata mtoto anaisukuma. Wakishapita watu ishirini juu yake, inashindiliwa. Jua la mchana linayeyusha tabaka la juu, usiku yale maji yanaganda, na kesho yake una kigae cha barafu kilichonata sakafuni. Hapo beleshi linateleza tu. Ajali nyingi za kuanguka hutokea kwenye kigae cha namna hiyo, hasa kile chembamba kisichoonekana, unachokidhania ni lami iliyolowa. Wenyeji huvuka kwa hatua fupifupi, miguu imetanuka kidogo, mikono nje ya mifuko. Ukiwatazama kwa mbali, wanatembea kama bata, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Ndipo watu wanapokimbilia chumvi. Wengi hudhani chumvi inaunguza barafu. Haiunguzi. Juu ya barafu huwa pana utando mwembamba wa maji. Chumvi ikiyeyuka humo, maji yale hayagandi tena kwenye nyuzi sifuri, yanataka baridi kali zaidi. Barafu ya chini inaendelea kuyeyuka na kushindwa kuganda upya, mpaka inaachana na sakafu. Ujanja huo una mwisho. Baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri hivi, chumvi ya kawaida inafanya kazi kwa uvivu mno, na usiku wa Januari mwingi Minneapolis hushuka kuliko hapo. Basi mtu anaona haijafanya kitu, anaongeza, anaongeza tena, mpaka njia inakuwa nyeupe kama samaki ng'onda. Chumvi ya kujaza kikombe kikubwa kimoja cha kahawa inatosha vipande kumi vya njia ya zege. Kinachozidi kinasombwa na maji hadi kwenye maziwa ya jiji, na chumvi ikishaingia ziwani haitoki: kijiko cha chai kimoja kinaharibu lita 19 za maji. Kwenye baridi kali mchanga ni bora. Hauyeyushi chochote, lakini kiatu kinapata pa kushika. Jiji linautoa bure, uende na ndoo yako.

Yako mambo mawili ambayo wageni husahau. La kwanza ni kona. Ukisafisha njia yako ukaacha rundo pale inaposhukia barabarani, mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto amekwama palepale. La pili ni bomba la zimamoto lililosimama kando ya njia. Likifukiwa, nyumba ikishika moto askari wanaanza kwa kuchimba. Mwaka 2011, huko Boston, vijana wa shirika la Code for America walitengeneza programu ya intaneti ambayo mkazi alichagua bomba la mtaani kwake, akalipatia jina, na kuahidi kulifukua. Honolulu, mji usiojua theluji, uliichukua programu hiyohiyo ili wakazi waangalie ving'ora vya tsunami.

Halafu kuna lile greda. Umemaliza, mgongo unauma, umeingia ndani, nalo linapita na kumwaga ukuta mpya wa theluji mdomoni mwa njia ya gari lako. Hapo husikika lawama za lugha zote, Kiswahili kikiwemo. Dawa yake ni kusimama ukitazama barabara na kurundika theluji yako mkono wa kulia. Huko magari hupita kulia, kwa hiyo greda linakuja likitokea kushoto kwako. Rundo lililo kulia halirudishwi mlangoni.