Mahojiano ya marejeo: kutoka swali la msomaji hadi haja yake

Mahojiano ya marejeo ni mazungumzo kati ya mkutubi na msomaji, yanayofanyika ili mkutubi aelewe msomaji anahitaji nini hasa kabla ya kuanza kumtafutia. Aghalabu huwa mafupi. Hayaandikwi popote, na msomaji anaweza kuondoka bila kujua kwamba amehojiwa. Hata hivyo, ni miongoni mwa dhana zilizochunguzwa kwa bidii kubwa katika elimu ya ukutubi na sayansi ya habari, na kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi utafiti wa kitaaluma unavyoweza kubadilisha kinachofundishwa darasani.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa aliyewahi kukaa kwenye meza ya marejeo hatauona mgeni. Mama wa makamo anaingia maktaba ya mkoa na kumkuta kijana mezani.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba vitabu vya sheria ya ardhi."

Mkutubi mmoja atanyoosha kidole: "Rafu ile ya mwisho, mama." Hajasema uongo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ipo pale pale. Mama atafungua kitabu kinene, atapambana na vifungu na vifungu vidogo, kisha atakirudisha na kuondoka. Kwenye daftari la takwimu za siku itaandikwa kuwa msomaji mmoja amehudumiwa.

Mkutubi mwingine atasema: "Vipo, mama. Ili nikupatie kitakachokufaa, hebu nieleze kidogo, unashughulikia jambo gani?"

"Kiwanja, mwanangu. Hati ina jina la marehemu mume wangu. Sasa mashemeji wanasema mimi sina changu pale."

Rafu imeshabadilika. Anachohitaji mama huyu kwanza ni habari za mirathi: nani anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi, maombi hupelekwa mahakama gani, nyaraka zipi zinatakiwa. Huenda kitabu chenyewe kisimfae kuliko kijitabu cha lugha nyepesi pamoja na maelekezo ya mahali anapoweza kupata msaada wa kisheria, huduma ambayo Tanzania imeitungia sheria yake mwaka 2017. Kijana hajajifanya wakili, wala hajamwambia mama kama atashinda au atashindwa. Amemfikisha penye taarifa zinazohusu shida yake.

Kwa nini basi mama hakuanza na mirathi tangu mwanzo? Jibu ambalo wanafunzi wa ukutubi husomeshwa hadi leo lilitolewa na Robert S. Taylor wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, katika makala yake ya 1968 iliyotokana na mahojiano na wakutubi. Taylor alisema haja ya taarifa hupita ngazi nne. Mwanzoni ni hisia tu: mtu anajua kuna jambo halijakaa sawa, ila hana maneno yake. Kisha inamjia akilini kwa namna yenye ukungu, na akiulizwa ataieleza kwa kuzungukazunguka. Baadaye anaweza kuitamka waziwazi. Mwisho kabisa kuna swali analolileta maktaba, ambalo tayari amelikata na kulipunguza lilingane na kile anachodhani maktaba inacho.

Ngazi ya nne ndiyo kiini cha nadharia nzima. Mama yule amewaza: maktaba ni mahali pa vitabu, shida yangu ni kiwanja, kiwanja ni ardhi, basi niombe vitabu vya sheria ya ardhi. Amejitahidi kumrahisishia mkutubi kazi, na katika kujitahidi huko ameificha haja yake. Kwa wasomaji wetu wengi kuna ukataji mwingine juu ya huo: shida imeishi kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ilhali katalogi na sehemu kubwa ya vitabu ni vya Kiingereza. Msomaji anayejua hilo huomba kile anachoweza kukitaja, na hicho huwa mbali zaidi na anachokihitaji. Mkutubi hana budi kurudi naye nyuma ngazi kwa ngazi, bila kumkosea adabu wala kumfanya ajione mjinga.

Wazo la kumsaidia msomaji ana kwa ana ni la zamani kuliko Taylor. Samuel Green, mkutubi wa Worcester, Massachusetts, alilitetea mwaka 1876, mwaka ule ule Chama cha Wakutubi cha Marekani kilipoundwa Philadelphia. Alitaka mkutubi asikubali mtu aondoke bila jibu la swali lake, kama vile mwenye duka asivyopenda mteja aondoke mikono mitupu. Kwa miongo mingi baada yake suala hilo lilibaki katika mawaidha: uwe mkarimu, uwe mvumilivu, uijue mikusanyo yako. Vyuo vya ukutubi vilifundisha marejeo kwa kukaririsha vitabu vya marejeo, yaani kamusi gani ina nini, ensaiklopedia ipi inajibu swali lipi. Mazungumzo yenyewe hayakupimwa.

Upimaji ulipokuja ulileta matokeo machungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Terence Crowley, akiandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rutgers, alizipima maktaba za umma za New Jersey kwa siri. Watu walijifanya wasomaji wa kawaida, wakauliza maswali ambayo majibu yake yalijulikana tangu awali, kisha wakahesabu majibu sahihi. Yalikuwa karibu nusu tu. Thomas Childers alifanya uchunguzi wa namna hiyo na picha haikuwa tofauti sana. Wengine wakafuata, hadi Peter Hernon na Charles McClure walipoandika mwaka 1986 kuhusu kile walichokiita kanuni ya asilimia 55: ukienda kuuliza swali kwenye meza ya marejeo, uwezekano wa kupata jibu sahihi unazidi nusu kwa kiasi kidogo mno.

Kanuni hiyo iliibua mabishano, na baadhi ya pingamizi zilikuwa za haki. Maswali ya majaribio yalikuwa mafupi na ya jibu moja, wakati wasomaji wengi huja na mambo mapana. Palikuwa pia na suala la maadili: je, ni sawa kumpima mtu kazini bila yeye kujua? Mimi nadhani njia hiyo inakubalika pale majina ya wakutubi na maktaba yanapofichwa na matokeo yanapotumika kuboresha mafunzo, wala si kumwadhibu mtu. Bila hivyo, tusingejua ukweli ambao tafiti za kuridhika kwa wasomaji zilikuwa hazijauonyesha. Msomaji aliyepewa jibu lisilo sahihi kwa uchangamfu hutoka akiwa ameridhika kabisa.

Kujua kwamba nusu ya majibu yana kasoro hakumwelezi mwalimu afundishe nini. Kwa hilo ilibidi watafiti wayasikilize mazungumzo yenyewe. Mary Jo Lynch alirekodi maombi halisi katika maktaba za umma, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta: katika takriban nusu ya maombi hapakuwa na mahojiano yoyote. Mkutubi alilipokea swali lilivyo na kulishughulikia. Hata pale alipouliza, alitumia zaidi maswali funge, yale ya ndiyo au hapana, ama hiki au kile. Maswali wazi, yale yanayomwachia msomaji ajieleze kwa maneno yake, yalikuwa haba sana. Hali ya mama yule akielekezwa rafu ya mwisho, basi, ilikuwa ndiyo desturi.

Jimbo la Maryland lilikwenda mbele zaidi. Baada ya upimaji wa 1983 kuonyesha asilimia ile ile iliyozoeleka, Ralph Gers na Lillie Seward walichambua ni tabia gani za mkutubi zinazoambatana na jibu sahihi. Ukubwa wa mkusanyo na idadi ya wafanyakazi havikuwa na uzito mkubwa kama watu walivyodhani. Uzito ulikuwa kwenye vitendo vidogo: kumwonyesha msomaji kuwa umemjali, kulirudia swali kwa maneno yako ili athibitishe, kuuliza maswali wazi. Kilichozidi vyote kilikuwa kile ambacho wengi hukiruka, yaani swali la ufuatiliaji: "Je, hiki kimejibu kabisa ulichokuwa unakitafuta?" Mafunzo yalijengwa juu ya vitendo hivyo, na maktaba zilizoyapata zikapanda waziwazi zilipopimwa tena. Miongozo ya tabia za utoaji huduma ya marejeo iliyotolewa Marekani mwaka 1996 ina alama ya kazi hiyo.

Uchunguzi ninaoupenda kuliko wote ulizaliwa ndani ya darasa. Catherine Ross na Patricia Dewdney wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, waliwapa wanafunzi wao wa uzamili wa ukutubi kazi hii: nenda maktaba yoyote na swali linalokugusa wewe binafsi, uliza, kisha andika hatua kwa hatua kilichotokea, kilichokusaidia na kilichokukwaza. Masimulizi hayo yakawa data, na makala yao ya 1994 iliyaweka wazi mambo ambayo asilimia zisingeweza kuyasema. Kuna mkutubi anayegeukia kompyuta na kuanza kuchapa bila neno, na msomaji hajui kama amesikilizwa au ametelekezwa. Kuna uelekezaji usiofuatiliwa, pale msomaji anapoandikiwa namba ya kitabu kwenye karatasi na kutumwa rafuni, na hapo mambo yakaisha. Katika kazi yao iliyofuata walieleza pia mbinu za kumfunga msomaji njiani, kwa mfano kumwambia mapema kwamba kitu hicho hakitapatikana, au kumpeleka idara nyingine bila kujua kama huko kuna lolote.

Kazi hiyo ilimfunza mwanafunzi jambo lisilopatikana kwa mhadhara. Alikaa upande wa pili wa meza, akahisi aibu ya kuuliza, akaona jinsi alivyolikata swali lake mwenyewe kabla ya kulitamka. Nadharia ya Taylor ikawa imempitia mwilini.

Kipimo pia kilibadilika. Joan Durrance wa Chuo Kikuu cha Michigan alipendekeza mwaka 1989 kwamba msomaji aulizwe swali moja zaidi: je, ungerudi kwa mkutubi huyu huyu ukiwa na jambo lingine? Aligundua kuwa watu huwa tayari kurudi kwa aliyewasikiliza hata kama jibu halikukamilika, na hawarudi kwa aliyewajibu kwa ukavu. Matokeo hayo yasichukuliwe kama ruhusa ya kuacha usahihi. Yanaeleza tu kwa nini meza nyingine huwa tupu siku nzima.

Sasa, uulizeje? Brenda Dervin, akishirikiana na Dewdney, mwaka 1986 alieleza maswali yasiyoegemea upande, yaliyotokana na nadharia yake ya namna watu wanavyojijengea maana. Mtu yumo katika hali fulani, amekutana na pengo, na anataka msaada wa kuvuka. Maswali hufuata mambo hayo matatu: nini kimetokea hadi ukaja kutafuta hili, umekwama wapi, ukilipata ungependa likusaidie kufanya nini. Tazama kwamba "kwa nini unataka kujua?" halimo. Kwetu swali hilo lina harufu ya kituo cha polisi, na msomaji akiulizwa hivyo hujitetea badala ya kujieleza. "Nieleze kidogo ili nikupatie kinachofaa" humpa sababu ya kuulizwa na kumwachia uhuru wa kusema kadiri anavyotaka.

Afrika Mashariki imekuwa na mafunzo ya ukutubi tangu Makerere ilipoanzisha Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na leo tuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vingine. Hata hivyo, ukisoma tasnifu nyingi za fani hii utakuta dodoso lile lile: je, unaifahamu huduma, je, umeridhika nayo, mara ngapi unaitumia. Kwa adabu tuliyolelewa nayo, msomaji gani ataandika kuwa kijana aliyemsaidia hakumsikiliza? Zoezi la Ross na Dewdney halihitaji fedha za wafadhili wala programu ya kompyuta. Linahitaji daftari, nauli ya daladala na mwalimu aliye tayari kuyasoma masimulizi kwa makini. Na kwa kuwa wasomaji wengi wa maktaba zetu za umma ni wanafunzi wanaokuja na madaftari yao kujisomea, wasioisogelea kabisa meza ya marejeo, kimya chao nacho kinastahili kuandikiwa masimulizi: alitaka kuuliza nini, na kitu gani kilimzuia?

Liko jambo moja ambalo tafiti za Marekani na Kanada hazitutatulii, nalo ni faragha. Katika vyumba vyetu vingi vya kusomea, meza ya marejeo iko hatua chache kutoka kwenye madawati, na kila neno husikika. Mama mwenye kesi ya mirathi hatamtaja marehemu mumewe mbele ya vijana arobaini wanaojiandaa na mtihani, hata mkutubi awe hodari vipi wa maswali wazi. Ndiyo maana ningependa mtafiti atakayechunguza mahojiano ya marejeo hapa kwetu aanze na kuchora ramani ya chumba: meza iko wapi, kiti cha msomaji kipo au anasimama, na nani anasikia.