Bunduki ya .22 na magazini yake: jambo la kujua kabla ya kuulizia bei

Mzee mmoja wa Gede alikuja ofisini kwetu Malindi na simu mkononi. Ana shamba la miembe na mikorosho, na nyani wamemchosha. Mpwa wake aliyeko Minnesota, Marekani, alimtumia video ya kijana anayelenga makopo kwa bunduki ndogo, na chini yake ujumbe: "Mjomba, tafuta hii, ya .22, na magazini ya risasi 25." Mzee alitaka kujua mambo mawili. Bunduki ipi ni nzuri, na je, magazini ya risasi 25, yaani chombo cha kushikia risasi ndani ya bunduki, inaruhusiwa huku kwetu?

Nilimwambia, "Baba, umeanza na mkia, kichwa bado." Kazi yangu ni kufundisha usalama wa silaha na sheria zake, na maswali kama hayo tunaletewa kutoka Malindi, Magarini hadi Lamu. Wengi wanaouliza ni watu wema wasiotaka makuu, na hao ndio ninaowaogopea zaidi, kwa sababu video za ugenini hazimwambii mtu sheria ya kwao.

Nilianza na nyani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu 2013 wanyamapori wanalindwa na sheria mpya ya uhifadhi. Nyani aliyekula maembe yako ni wa kuripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukimpiga risasi kwa sababu ya maembe, cheti cha bunduki hakitakuokoa, kwa kuwa cheti kinaruhusu kumiliki silaha, hakiruhusu kuua mnyama wa pori. Sababu aliyokuja nayo mzee ikawa imekwisha kabla hatujafika kwenye bunduki yenyewe.

Na sababu ndiyo mzizi wa jambo lote. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haianzi na chuma, inaanza na mtu. Anayeomba cheti lazima aonyeshe sababu njema ya kutaka silaha, na aridhishe wanaotoa leseni kwamba akiwa nayo usalama wa watu hautahatarishwa. Cheti kikitoka kinataja bunduki yenyewe, na kinataja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Hakikai milele, kinahuishwa kila mwaka. Wenye bunduki wanakumbuka Desemba 2018, Serikali ilipowaamuru raia wote wenye silaha wakapigwe msasa upya, waliokuwa na vyeti vya zamani pamoja. Kwa hiyo usilipe hata shilingi ya arubuni kabla ya kibali, na ukishakipata, nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa peke yake.

Sasa tuseme sababu yako inakubalika. Umejiunga na klabu ya kulenga shabaha na unataka bunduki ya kujifunzia. Hapo kaliba ndogo, yaani bunduki ya risasi nyembamba kama ya .22, ni chaguo la busara kweli. Risasi ya .22 iitwayo Long Rifle ilitoka Marekani mwaka 1887 na mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50. Kipenyo chake ni kama milimita 5.6, na kichwa cha kawaida cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Haipigi bega, mlio wake si mkubwa, na bei yake ni nafuu kuliko za kaliba kubwa. Anayejifunza hapati woga wa kufumba macho kabla ya kufyatua.

Lakini udogo huo unadanganya. Siku moja kwenye kikao cha vijana niliweka ganda tupu la .22 mezani, kando ya kalamu. Ganda lilikuwa fupi kuliko kifuniko cha kalamu. Kijana mmoja akalizungusha kidoleni, akasema, "Hii ni ya njiwa tu." Nikamuuliza, risasi hii ikifyatuliwa juu-juu kutoka gatini Lamu, itaangukia wapi? Akasema katikati ya mlango wa bahari. Jibu ni kwamba inaweza kuvuka ikafika kisiwa cha Manda na kusonga mbele, maana risasi ya .22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Na ikipiga maji kwa mshazari haizami papo hapo, inadunda na kwenda isikotarajiwa, sawasawa na kijiwe bapa wanachorusha watoto ufukweni. Jiwe gumu nalo huirudisha. Ndiyo maana ufuo si mahali pa kujaribia bunduki, hata ukiuona mtupu kwa macho yako. Mahali pake ni uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Katika kuchagua, ushauri wangu kwa mwanafunzi hauna kona: chukua ile ya kukokwa kwa mkono kila risasi moja. Unafungua komeo, ganda linatoka, unatia nyingine, unafunga. Utaratibu huo unakulazimisha kufikiri kati ya risasi na risasi, na mwalimu akisimama kando anaona kwa jicho kama chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ni tupu. Zile zinazojipakia zenyewe waachie waliokwisha kujifunza, pale sheria inapowaruhusu. Kisha iweke begani kabla ya kuipenda. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wako, utainamisha shingo na shabaha itakukimbia. Jaribu kizuizi cha kifyatulio kama kinashika. Na sisi watu wa pwani tuna adui wetu mwingine, chumvi ya hewani. Bunduki inayokaa mwaka mzima Nairobi bila kutu, Malindi itaota kutu ndani ya wiki chache ikiachwa bila mafuta. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, kwa sababu jasho la mkono nalo ni chumvi.

Risasi zenyewe zinataka ukavu. Kwenye .22 kiwashio kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini hugonga ukingo huo. Ikigongwa isilie, usifungue komeo kwa haraka. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu hadi 30, ndipo ufungue. Baruti iliyochelewa imewahi kulia ganda likiwa linatoka.

Nije kwenye magazini, maana hapo ndipo mpwa wa Minnesota alipomchanganya mjomba wake. Magazini ni kile chombo kinachoshika risasi na kuzisukuma moja moja kuelekea chemba. Ipo ya kisanduku inayochomolewa chini, ipo ya mrija uliolala chini ya mtutu, na ipo ya kuzunguka, kama ile ya Ruger 10/22, bunduki ya Kimarekani ya .22 iliyotoka mwaka 1964, inayobeba risasi 10 bila kuchomoza nje. Bunduki hiyo hiyo inauziwa pia magazini ndefu ya risasi 25, na hiyo ndiyo aliyoiona mzee.

Huko Marekani kila jimbo lina lake. Kati ya 1994 na 2004 sheria ya taifa zima ilizuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, ila ikaacha nje magazini za mrija zilizo za .22 peke yake. Sheria ile ilipomaliza muda, mzigo ukabaki kwa majimbo. California na New York wanasimamia 10. Colorado, tangu 2013, ni 15. Texas hakuna kikomo, wala Minnesota anakokaa yule mpwa. Mtu akiendesha gari kutoka jimbo hadi jimbo, kile alichonunua kihalali asubuhi kinaweza kumtia matatani jioni. Na nchi nyingine zimeitenga .22 kwa namna yake. Uingereza mwaka 1988 ilipiga marufuku raifoli zinazojipakia zenyewe, ikaacha za .22 chini ya cheti. New Zealand, baada ya mauaji ya misikitini Christchurch Machi 2019, iliruhusu zinazojipakia za .22 zibaki, mradi magazini isizidi risasi 10. Mpwa hakumdanganya mjomba wake. Alimweleza sheria ya mtaani kwake.

Kwetu usianze kuhesabu tundu za magazini. Anza na karatasi yako: inasema bunduki gani, risasi ngapi? Magazini ya risasi 25 haikupi ruhusa ya risasi 25. Na sheria yetu haimtazami mwenye bunduki nzima peke yake, sehemu zake muhimu nazo huhesabiwa kuwa silaha, na kifaa cha kuzima mlio kimo humo humo. Bunduki za kivita kama AK-47 na G3, adhabu ya kukutwa nayo bila idhini yaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo jamaa wa ng'ambo asikutilie magazini kwenye sanduku la zawadi, kati ya manukato na viatu, akidhani ni kopo tu la chuma. Fikiria unavyoteremshwa kwenye basi barabara ya Garsen kwenda Lamu, mahali ambapo tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ukaguzi si wa mchezo, na askari anaitoa magazini chini ya kanga za mama. Utamweleza nini?

Kuna kosa moja la magazini ambalo nimeliona kwa macho yangu uwanjani, na lilimtoa jasho mwalimu mwenzangu. Mwanafunzi alichomoa magazini, akaiweka mezani, akageuka na bunduki mkononi akisema, "Tupu hii." Haikuwa tupu. Risasi moja ilikuwa imekwisha kupanda chemba, na magazini ilipotoka, risasi hiyo ilibaki pale pale. Mwenzangu aliudaka mtutu akauinamisha kwenye udongo. Utaratibu ni huu: magazini kwanza, kisha komeo, kisha jicho ndani ya chemba, kisha kidole kidogo pale jicho lisipoona vizuri. Ya mrija inataka subira zaidi, maana risasi inaweza kukwama ndani ya mrija ukadhani zimekwisha.

Yule mzee wa Gede aliondoka na njia ya kwenda KWS. Lakini akiwa mlangoni alirudi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba marehemu kaka yake aliacha bunduki kuukuu darini, na cheti hakijulikani kiliko. Kama nawe unayo ya namna hiyo nyumbani, usiishike, usiifungie kwenye gunia, wala usiitie kwenye tuktuk kuipeleka kituoni. Funga chumba, watoto wasiingie. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ukaeleze ni ya nani, alifariki lini na iko wapi, uwaombe waje kuichukua wao, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.