Raba ndani ya begi la spana: kukimbia ukiwa safari za kikazi

Mimi ni fundi wa mashine za maabara za hospitali, na alfajiri kabla sijawa fundi nakuwa kocha, nina kikundi cha watu wazima wenye kazi zao ambao nawafundisha kukimbia masafa marefu, wengi nusu marathoni na wachache wenye roho ngumu ile nzima ya kilomita 42. Hizi kazi mbili hazipatani kabisa. Mashine haikwambii itazima lini. Simu inaingia jumatano saa tisa mchana, alhamisi saa 12 asubuhi nipo kwenye siti ya basi la Mbeya, na kwenye ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu hiyo alhamisi ilikuwa siku ya intavali, yaani kukimbia kasi kidogo, taratibu kidogo, kwa zamu.

Na siko peke yangu. Toka mkimbiaji wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025 meseji kwangu zimeongezeka, na nusu ya wanaoniandikia ni wakaguzi wa hesabu, watu wa mauzo, watu wa miradi, na swali lao ni lile lile: kocha, nimepangiwa wiki 2 mkoani, si ndo basi tena?

Sio basi tena. Wengi wanaoharibikiwa safarini hawaharibikiwi kwa sababu wamekimbia kidogo, wanaharibikiwa kwa sababu wanataka ratiba ya nyumbani ihamie gesti kama ilivyo, ikigoma wanakata tamaa wanaacha vyote.

Tuanze na mwili wenyewe. Ukikaa siku 3 au 4 bila kukimbia hakuna cha maana kinachopungua, tena mara nyingi unarudi miguu myepesi kuliko ulivyoondoka. Zikifika wiki na kuendelea ndo unaanza kuona tofauti, ujazo wa damu unapungua, moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo kwa hiyo inabidi upige mara nyingi zaidi, ndo ile unakimbia pesi yako (kasi yako) ya siku zote halafu saa inakuonyesha mapigo ya mtu anayekimbizwa na nyuki.

Sasa kuna majaribio ya miaka ya 80 huko Marekani, ya Robert Hickson na wenzake, mimi huwa nawasimulia watu wangu mpaka wamechoka. Walichukua watu wakawapa mazoezi makali dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10, halafu wakaanza kuwapunguzia. Wengine walishushwa mpaka siku 2 tu kwa wiki lakini ukali wa mazoezi ukabaki pale pale, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukabaki juu kwa wiki 15 zote. Wengine siku hazikuguswa, zikapunguzwa dakika, kutoka 40 mpaka 26, wengine mpaka 13, nao oksijeni ikabaki vilevile. Ila walipokuja kupunguza ukali, siku zile zile na dakika zile zile lakini sasa polepole, uwezo ukashuka. Na kuna kipande ambacho watu wakisikia hii hadithi wanakiruka: wale wa dakika 13, pamoja na kwamba oksijeni yao ilikuwa safi, uvumilivu wao wa kwenda muda mrefu ulipungua.

Kwa mkimbiaji wa masafa hapo kuna kila kitu anachokihitaji. Safarini unaweza kutupa kilomita nyingi sana na usidhurike, lakini kuna vitu viwili hutupi, siku moja ya kukimbia kwa ukali na mbio moja ndefu. Hebu angalia watu wanachofanya sasa. Kila asubuhi dakika 20 taratibu kuzunguka gesti, siku 5, wanaita "kutunza pumzi", ile ndefu wanasema nitaifanya nikirudi. Yaani wametunza kisichohitaji kutunzwa na wameacha vile viwili vyote.

Mimi nikiwa Dar wiki ya kawaida ni kama kilomita 60 kwa siku 5. Safarini naishusha mpaka 30 au 35 kwa siku 3 na silali nikijilaumu. Siku ya ukali ni dakika 15 za kupasha, halafu dakika 3 kasi dakika 2 taratibu, mara 6, halafu narudi polepole. Naenda kwa dakika wala sio kwa mita, kwa sababu mji nisioujua siwezi kujua wapi mita 1,000 zinaishia, na dakika 3 za kupandisha mlima ni sawa tu na dakika 3 za tambarare, mapafu hayajui tofauti. Siku ya pili ni laini, dakika 40 hivi, mwishoni naongeza mikimbio mifupi ya sekunde 20 mara 6 ili miguu isisahau kuwa inajua kwenda haraka. Ya tatu ndo ndefu.

Hiyo ndefu ndo inahitaji akili. Safari ikiwa ya siku 4 au 5 naikimbia kabla sijaondoka au baada ya kurudi, naihamisha tu hata kama inaangukia jumanne. Ikiwa wiki 2, moja lazima ifanyike huko huko, na nimejifunza kuiweka jumapili ya katikati, hospitali zinakuwa na utulivu na hakuna mtu wa kukupigia simu eti mashine imelia. Isiwe rekodi. Saa moja na nusu mpaka mbili inatosha.

Sasa tuje kwenye basi lenyewe. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, umekaa saa 12 mpaka 14, na ukifika miguu imevimba mpaka soksi imechora. Watu wanadhani tatizo ni kukaa, na kweli kukaa kuna mchango wake, lakini mimi naona tatizo kubwa zaidi ni kuchimba dawa. Msafiri anaogopa kumsumbua dereva asimame porini, kwa hiyo toka asubuhi hanywi maji, anakula mishkaki ya dirishani na soda moja, anafika usiku kakauka kama dagaa, halafu saa 11 alfajiri anavaa raba aende kukimbia. Mapigo lazima yapande! Halafu ananiandikia kocha naona nimeshuka kiwango. Hujashuka kiwango, una kiu. Kunywa kidogo kidogo njia nzima, omba siti ya upande wa kutembea sio ya dirishani, na kila basi likisimama shuka, Morogoro shuka, Ruaha Mbuyuni wakati wenzako wananunua vitunguu wewe zunguka, panda na kushuka kwenye vidole, chuchumaa mara kumi. (Mikumi tu usishuke, pale hata mimi najinyoosha kwenye siti.)

Siku ya kufika na asubuhi inayofuata sikimbii kitu kigumu. Hii sheria niliilipia. Mwaka fulani nilifika Mbeya usiku, asubuhi nikajiona mwanaume nikaingia barabarani kilomita 18 kwa pesi ya Dar, kwenye kilomita ya 13 kigimbi cha mguu wa kushoto kikakaza kama kamba ya nguo, nikarudi kwa bodaboda nimevaa bukta kwenye ile baridi ya mwezi wa saba huku dereva ananiuliza kaka kwani ulikuwa unamkimbia nani. Nikakaa wiki 3 bila kukimbia. Kwa siku moja ambayo ningelala tu.

Na pale kulikuwa na kosa la pili, urefu kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700, sio Iten ya Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wakubwa, yenye mita kama 2,400, lakini mtu wa pwani anaipata. Hewa ina mgandamizo mdogo, kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu, kwa hiyo pesi ambayo Dar ni ya kupiga stori, Mbeya au Njombe inakuwa ya kuhema. Wiki ya kwanza mimi naongeza sekunde 20 mpaka 30 kwa kila kilomita na saa naifunika na mkono wa sweta, nasikiliza pumzi tu. Nikiweza kusema sentensi nzima bila kukatika hiyo ndo laini, basi. Intavali nazo nakimbia kwa kujisikia, na mapumziko naongeza dakika moja.

Mtu wa Mbeya akija Dar kwenye semina mwezi wa pili anapata mateso ya upande mwingine. Anadhani kwa sababu katoka mlimani atapaa, anakutana na joto na unyevu, jasho halikauki mwilini kwa hiyo halimpozi, kilomita 6 tu kaloa mpaka raba zinalia. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 kuzoea joto na semina ni siku 5, kwa hiyo hutazoea, kimbia alfajiri, punguza, nunua dafu, samehe saa yako. Wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon wanaijua hii vizuri, mbio zinakuwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maana yake maandalizi ya mtu wa Dar yote yanaangukia kwenye kipindi kibaya cha joto.

Kitu kingine ambacho sijawahi kuona mtu anakiongelea ni jua. Nchi yetu yote inafuata saa ile ile lakini jua halijui hiyo. Kigoma iko magharibi sana, jua linachelewa kama dakika 40 kuliko Dar, kwa hiyo wewe umezoea saa 11 na nusu kuna mwanga mwanga unatoka, kule ni usiku mtupu, unakutana na mbwa na mlinzi ambaye naye kashtuka kuliko wewe. Lakini jioni inakulipa, saa moja kasoro bado barabara unaiona wakati Dar giza limeshaingia. Kwa hiyo Kigoma, Bukoba, huko kote mazoezi nayahamishia jioni baada ya kazi, na nimegundua baada ya siku nzima ya kuinama ndani ya mashine mgongo unapenda zaidi jioni kuliko alfajiri.

Njia ya kukimbia usiitafute kwenye simu. Ramani itakupitisha sehemu haijui kuna kambi au kuna daraja la mti. Uliza vijana wa bodaboda nje ya gesti, hao wanajua barabara ipi ina vumbi la malori, wapi mbwa hawafungwi, wapi pametulia. Usiulize njia nzuri ya mazoezi, watakuelekeza jimu. Uliza wanafunzi wanapita wapi asubuhi, wanapopita watoto wa shule huwa pana usalama na pana watu. Dada zangu kwenye kikundi wengi wanapendelea uwanja wa mpira wa shule, wanaomba ruhusa kwa mlinzi wanazunguka, unachosha kichwa lakini hakuna wa kukufuata na pikipiki anakuuliza jina. Mwanza ukiwa na mguu mzuri nenda Capri Point, vilima na ziwa, hapo intavali zinajifanya zenyewe.

Tredimili za hotelini sizipendi ila sizikatai. Weka mwinuko wa asilimia 1 kufidia upepo ambao haupo, na namba za kasi usiziamini sana, mimi ni fundi naziona zile mashine zilivyochoka, nyingi mkanda unateleza. Fuata pumzi.

Chakula nitasema kidogo tu: posho inanenepesha. Chipsi mayai saa 3 usiku kila siku kwa wiki 2 na unashangaa mbio ndefu inakuwa nzito. Wali maharage na mboga zipo kila stendi nchi hii.

Kinachoniuma zaidi ni watu wanaporudi. Mtu karuka mazoezi 4, anafika nyumbani ijumaa, jumamosi anaweka intavali, jumapili kilomita 24, jumatatu anafidia na nyingine, jumatano anachechemea anakuja kuniambia goti. Zilizopita zimepita jamani, zifute kwenye karatasi, anza na wiki uliyopo, na siku 2 za kwanza kimbia laini. Nina mtu mmoja wa mauzo kila mwezi yuko njiani, nilimkataza kabisa kuandika mazoezi aliyoyakosa, anaandika aliyoyafanya tu, na toka hapo hajaumia.

Mimi mwenyewe kesho kutwa naenda Kigoma, kuna mashine ya damu imegoma. Nimempigia dada wa mapokezi wa gesti kumuuliza kama kuna mbwa, kasema wapo wawili ila wanafungwa saa 12 asubuhi. Saa 12 ya Kigoma, giza bado! Nimeweka tochi lakini nadhani nitakimbia jioni.